Kupimwa Mpigo wa Gofu kwa Rada: Huduma Nzuri, Namba Kubwa Isiyofaa

Huduma ya kupimwa mpigo kwa rada, niliyoipata katika uwanja mmoja wa mazoezi ya gofu jijini Nairobi, inastahili kulipiwa, ila si kwa sababu inayotangazwa mlangoni. Tangazo linaahidi umbali. Kinachomfaa mchezaji ni taarifa za ule muda ambao uso wa fimbo na mpira vinagusana, muda usiozidi nusu ya elfu moja ya sekunde, ambapo mpira hubanwa kwa nguvu ya wastani inayozidi uzito wa nusu tani na kichwa cha draiva (fimbo ya mipigo mirefu zaidi) husogea takriban sentimita mbili tu kabla mpira haujaondoka. Mikono haiwahi kusahihisha chochote hapo.

Mtambo ni TrackMan, rada ya Kidenmaki inayowekwa nyuma ya mchezaji na kufuatilia fimbo pamoja na mpira kwa athari ya Dopla, yaani kupima kasi kwa jinsi mawimbi ya redio yanavyobadilika yanaporudi. Kabla ya kuanza, mhudumu aliupulizia uso wa draiva yangu unga mweupe ili kila mpigo uache alama. Ya kwanza ilikuwa duara dogo lenye chapa ya vishimo vya mpira, upana wa kidole gumba kutoka katikati, upande wa ncha. Skrini ilisema kichwa cha fimbo kilikwenda kilomita 150 kwa saa na mpira 210, yaani uwiano wa 1.40.

Hapo ndipo maelezo ya mhudumu yalipopwaya, kwani alinishauri niongeze nguvu. Hesabu haimuungi mkono. Kichwa cha draiva kina gramu 200 hivi, mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, na USGA, chama cha gofu cha Marekani, iliweka mwaka 1998 kikomo cha 0.83 kwa uwezo wa uso wa fimbo kuurudisha mpira. Ukiviweka viwango hivyo pamoja, uwiano wa juu hutoka karibu na 1.49, awe mpigaji ana misuli au hana. Kwa kasi yangu ile ile, mpigo wa katikati ungeupa mpira zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Unapogongwa mbali na kitovu cha uzito, kichwa cha fimbo huzunguka, na nguvu inayoishia katika mzunguko huo haiufikii mpira. Tena kichwa kinapofunguka, yaani uso wake unapogeukia nje, mpira husokotwa upande wa pili kama meno ya gia, ndiyo maana mpigo wa nchani wa mtu atumiaye mkono wa kulia huweza kuanza kulia kisha ukarudi kushoto.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni ulinganisho wa mwelekeo wa uso wa fimbo na njia ambayo fimbo yenyewe hupita. Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo. Vipimo vimeonyesha kwamba, kwa draiva, takriban asilimia 85 ya mwelekeo wa mwanzo hutokana na uso, na tofauti kati ya uso na njia ndiyo inayoinamisha mhimili wa mzunguko wa mpira hadi mpira ukapinda. Katika mipigo niliyoipata katikati, njia ilielekea nyuzi 5 kushoto na uso nyuzi 1 tu. Mpira ulianza kushoto kidogo, kisha ukakatika kulia. Dawa maarufu ya kulenga kushoto zaidi huivuta njia huko huko na kuzidisha ugonjwa.

Kasoro kubwa ilikuwa katika mpangilio. Mtambo huu unaweza kurekebisha matokeo kulingana na joto, mwinuko na aina ya mpira, lakini uliachwa kwenye usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake, ambako hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi. Umbali ulioandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote haukuwa wa Nairobi hata kidogo. Mipira ilikuwa ya mazoezi, imechakaa, na mkeka huficha kosa la kugusa chini kabla ya mpira, hivyo namba za aini, fimbo zinazopiga mpira uliolala chini, zichukuliwe kwa tahadhari.

Anayekwenda abebe draiva yake na mipira anayoichezea siku zote, aulize mwinuko uliowekwa kwenye mtambo, na aombe safu ya umbali iondolewe kwenye skrini mpaka alama za unga zianze kukusanyika katikati.