Uzoefu wangu na AC ya mashine moja nje, tatu ndani: mawasiliano yakikatika, anza na waya

Mfumo ninaouzungumzia ni wa inveta, yaani kompresa yake hubadili kasi: mashine moja nje, tatu ndani (sebuleni, chumba kikubwa na chumba cha watoto), gesi ya R32, nyumba iko Mbezi Beach. Kwenye ubaridi sina ugomvi nao. Ukiwasha chumba kimoja kompresa inashusha kasi yenyewe, ukuta wa nje haujajaa mashine kama duka la mitumba, na feni ya nje haina kelele za kumuudhi jirani. Mashine naipa nyota nne kati ya tano. Ufungaji naupa mbili, na nyota zilizopungua hapo ni kwa sababu ya waya mmoja tu, ule wa mawasiliano.

Kwa AC hizi, bodi ya nje na bodi za ndani zinaongea muda wote. Ya ndani inatoa taarifa ya joto la chumba na kile ulichobonyeza kwenye rimoti. Ya nje inaamua kompresa izunguke kwa kasi gani na vali ya chumba kipi ifunguke kiasi gani. Maongezi yakikatika, mashine inasimama na kuandika hitilafu: Daikin huandika U4, LG CH05, Gree E6, Midea E1 au EL01 kulingana na toleo. Maandishi hayo yanakwambia tu kwamba hawasikiani. Nani kiziwi, hayasemi. Ndipo unapoambiwa, "Bosi, bodi imekufa, tuagize nyingine," kabla hata mita haijatoka kwenye begi. Fundi wa namna hiyo mshukuru, mpe nauli, aende.

Swali la kwanza ni chumba kimoja kinalalamika au vyote? Vyote vikinyamaza kwa pamoja, mara nyingi shida iko nje: umeme unaoingia, fyuzi, au bodi ya nje. Kikinyamaza kimoja, anza na waya wa chumba hicho, teminali zake mbili, na bodi ya ndani. Baadhi ya bodi za nje zina tarakimu ndogo inayoonyesha ni mashine ngapi za ndani zinasikika. Ukiona 2 wakati umefunga 3, umeokoa nusu ya kazi.

Kabla ya kugusa chochote zima breka na usubiri dakika kumi. Huu si woga. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC ndani ya bodi ya nje unafika takriban volti 325, na kapasita zinaushikilia hata breka ikiwa chini. Pima kwanza ndipo upeleke bisibisi.

Sasa waya. Kwangu kosa lilikuwa kwenye skrubu ya S, ya waya wa mawasiliano, upande wa nje: uzi wa shaba umeota kijani, nyuzi tatu nne zimekatika, zilizobaki zimebanwa juu ya plastiki badala ya shaba. Ukivuta kidogo unatoka wenyewe. Hewa ya bahari ndiyo kawaida yake, na wanaoishi Msasani, Masaki na Kigamboni wanaijua kwenye mageti na mabati. Dawa yake ni kukata sehemu yote iliyobadilika rangi mpaka ukutane na shaba inayong'aa, kubana kichwa cha shaba kwa koleo lake, kisha kukaza skrubu. Kusugua kwa kisu na kurudisha hakutakufikisha hata vuli.

Kosa la pili, na hili ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani, ni kiungo kilichofichwa juu ya siling'i. Kebo haikutosha, mafundi wakaunganisha kwa kusokota na kuzungushia tepu. Wakati wa kiangazi inafanya kazi. Masika ikiingia, unyevu unapenya, mawasiliano yanakatika usiku na kurudi mchana jua likiwaka. Ukiona hitilafu inayokuja na mvua na kuondoka na jua, acha kuiwazia bodi.

Kupima ni rahisi. Chomoa kebo pande zote mbili. Upande mmoja unganisha N (nyutro) na S kwa kipande cha waya, nenda upande wa pili upime ukinzani. Waya wa shaba wa 1.5 mm² una takriban omu 12 kwa kilomita, kwa hiyo kebo ya mita 15, kwenda na kurudi mita 30, itasoma chini kidogo ya omu 0.4, ukiongeza na ukinzani wa nyaya za mita yenyewe. Ukisoma omu 3 au namba inayocheza ukitikisa kebo, kuna kiungo kibovu humo. Kisha fungua ile N na S, upime kati ya kila waya na mwenzake: mita ionyeshe njia imekatika (OL), si sifuri. Fundi akiwa na mega (kipimo cha uzima wa plastiki ya waya) ya volti 500 ni bora zaidi, ila ahakikishe hakuna bodi iliyounganishwa, la sivyo ataua kilichokuwa kizima.

Kebo ikiwa safi, rudisha kila kitu, washa umeme, halafu mtu anayejua kazi apime kati ya N na S kwa kipimo cha DC. Mifumo mingi ya kebo ya nyaya nne hutumia N kama njia ya kurudishia ishara, na mita itaonyesha volti zinazopanda na kushuka. Kwa Midea, kwa mfano, zinapishana kati ya chanya na hasi, hadi kama volti 25 au zaidi kulingana na toleo. Namba ikicheza, kuna anayeongea. Ikiganda mahali pamoja, kuna upande haujibu.

Kujua ni upande upi, zima tena na ubadilishane nyaya za vyumba viwili pale nje, L (laivu), N na S zote pamoja. Washa kwa feni tu, usiombe baridi, kwa sababu mabomba hayajahama pamoja na nyaya. Hitilafu ikihamia mlango mwingine (teminali za chumba kingine) wa bodi ya nje, kosa liko kwa kile chumba au kebo yake. Ikibaki kwenye mlango uleule, bodi ya nje ndiyo mgonjwa. Ukimaliza, rudisha kila waya mahali pake. Ukisahau, utawasha sebuleni na baridi itakwenda chumba cha watoto mpaka koili igande barafu.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii: L na N zilizogeuzwa. Kwa feni haina neno, kwa AC hizi ishara inapotea kwa sababu inategemea N. Na usikubali mashine ya ndani ichomekwe kwenye soketi ya ukutani wakati kiwanda kimeagiza ilishwe kutoka nje. Nyumba ya fezi tatu inaweza kukuta ndani na nje ziko fezi tofauti, na hapo ni hatari, si hitilafu tu.

Bodi kweli huwa zinakufa, hasa umeme ukirudi kwa kishindo. Lakini mara nyingi kinachoungua ni sehemu ya mawasiliano peke yake: vipande vidogo kama optokapla, rezista au diodi. Fundi wa bodi mwenye mashine ya kulehemu vizuri anabadilisha hivyo bila kuuza bodi nzima. Tazama pia wadudu na mijusi. Mjusi akilalia teminali mbili anaacha alama nyeusi, na sisimizi hujazana kwenye rilei. Bomba la maji machafu likiziba ndani, maji yanadondokea teminali. Kagua hilo kabla ya kuagiza kitu chochote Kariakoo. Ukiagiza, namba ya bodi ifanane herufi kwa herufi na ya zamani, kwani bodi za mashine ya vyumba viwili na ya vitatu hufanana kwa sura tu.

Kwa anayetaka kununua, andikeni haya kwenye mkataba wa ufungaji: kebo moja isiyokatwa ya nyaya nne za 1.5 mm² kutoka nje hadi kila chumba, au unene mkubwa zaidi kama kitabu cha mashine kinataka. Waya wa kijani na njano ubaki kuwa wa ethi, usigeuzwe wa mawasiliano. Kebo isipite bega kwa bega na waya wa pampu. Kila kebo iandikwe jina la chumba pande zote mbili. Na gadi ya volti ikae kwenye laini ya mashine ya nje, iwe ya ampia zinazotosha. Kabla ya kulipa salio, mwambie fundi awashe chumba kimoja kimoja huku wewe umeshika mabomba kule nje, uone kama bomba la chumba hicho ndilo linalopoa.