Intaneti ya nyumbani Uingereza: ipi uanze nayo, ipi uiache iwe ya mwisho

Ukihamia nyumba mpya Uingereza, pazia halijatundikwa watoto wameshaulizia waifai. Haraka hiyo ndiyo inayotuponza. Tunasaini mkataba wa miezi 24 kwa sababu ya megabiti (kipimo cha kasi kwa sekunde) za kwenye tangazo, wakati swali lenyewe ni hili: waya unaoingia ukutani ni wa nini, na ni wa nani? Ingiza postikodi yako kwenye kikaguzi cha Ofcom, msimamizi wa mawasiliano, uone nyumba yako inafikiwa na nini. Kisha fuata mpangilio wangu.

Ya kwanza: faiba kamili, yaani uzi wa kioo unaofika hadi ndani ya nyumba, kwenye mtandao wa wazi. Openreach na CityFibre huchimba na kukodisha njia zao kwa wauzaji wengine, kama Vodafone na Zen. Muuzaji akikupandishia bei, mkataba ukiisha unahamia kwa mwingine na uzi wa kioo unabaki palepale. Tangu 12 Septemba 2024 unaongea na kampuni mpya tu, nayo inamalizana na ile ya zamani. Chukua megabiti 100 au 150. Gigabiti, yaani megabiti 1,000, kwa familia ya watu wanne ni kununua basi la kwendea sokoni. Uzi wenyewe haupitwi na wakati kwa upande wa kasi: ukitaka zaidi baadaye, vinabadilishwa vifaa vya ncha mbili, barabara haifukuliwi tena. Ndiyo maana wawekezaji wa miaka mingi wanazika fedha zao humo.

Ya pili: faiba kamili ya kampuni ndogo. Hyperoptic imejikita kwenye majengo ya fleti, Community Fibre iko London. Raha yake ni kwamba kupakia huenda sawa na kupakua, na anayempigia mama Tanga kwa video kila Jumapili anajua thamani ya hilo. Ila nyingi za kampuni hizi zilijenga kwa mikopo, na riba ilipopanda kuanzia 2022 zikabanwa. Lit Fibre ilinunuliwa na CityFibre mwaka 2024. Faiba haing'olewi ardhini kampuni ikiuzwa, lakini masharti yanaweza kugeuka, kwa hiyo tafuta mkataba wa miezi 12 au wa mwezi mmoja mmoja.

Hapa B4RN, mtandao wa faiba unaomilikiwa na jamii, naupa kiti cha peke yake. Ulianzishwa 2011 vijijini Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, baada ya makampuni makubwa kuona wateja ni wachache mno. Wanakijiji walinunua hisa, wakulima wakaruhusu mabomba yapite mashambani mwao bure, watu wakachimba mitaro kwa mikono. Msaragambo hasa! Wanauza gigabiti moja kwenda na kurudi, na mali ni ya jamii. Ukiishi unakofika, usitafute kwingine.

Ya tatu: kebo ya Virgin Media. Kupakua ni kwa kasi sana, kupakia ni karibu sehemu ya kumi ya hapo. Inatosha kwa sinema.

Ya nne: ruta ya 5G, inayonasa mtandao wa simu za mkononi badala ya waya. Inafaa mpangaji asiye na uhakika wa miezi sita ijayo. Iweke dirishani, ijaribu saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni, na ikikwama irudishe ndani ya siku 14.

Ya mwisho: faiba nusu. Faiba inaishia kwenye sanduku la kijani la mtaani, kisha shaba inamalizia safari. Mwisho wake ni megabiti 80, na ukiwa mbali na sanduku zinapukutika. Mimi niliuziwa hiyo miaka kadhaa iliyopita kwa jina la "faiba", nikapata 27. Tangu Septemba 2024 mwongozo wa Ofcom unataka neno hilo litumike pale tu faiba inapofika hadi nyumbani. Kwa shamba la mbali, Starlink, intaneti ya setilaiti, inaishinda, ingawa dishi huongeza gharama.

Kabla ya kusaini, soma ongezeko la bei. Kwa mikataba ya tangu 17 Januari 2025, lazima litajwe kwa pauni na peni, si kwa asilimia ya mfumuko wa bei. Na kama unaishi na mzee mwenye kengele ya dharura inayotumia laini ya simu, mwambie muuzaji mapema. Laini za zamani za simu zinazimwa Januari 2027, na simu ya faiba hufa umeme ukikatika. Asiye na njia nyingine ya kupiga simu ya dharura anastahili kifaa cha akiba cha kumwezesha kuipiga kwa angalau saa moja umeme ukikatika, bila malipo.