Mifuniko 120 ya mashine zangu za vifaranga: karakana ya plastiki ya kuvuta

Natengeneza mashine ndogo za kutotolea vifaranga hapa Tabata, za mayai 60. Miaka yote mifuniko nimekuwa nikiunga kwa plaiwudi, nayo ikinywa unyevu wa ndani inavimba, haikai vizuri, joto linatoka na vifaranga wanafia kwenye gamba. Iliniuma sana.

Nikaulizia kwanza kiwanda chenye mashine ya kudunga, ile inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma. Kazi yao safi, ila kalibu peke yake ilizidi mauzo yangu ya mwaka. Hiyo inalipa ukitoa maelfu. Mwingine akanielekeza kwa watu wa matangi ya maji, lakini kuzungusha unga wa plastiki kwenye tanuri kunafaa vitu vikubwa vyenye uwazi ndani.

Ndipo nikafika kwenye karakana hii. Kalibu inachongwa kwa mbao ngumu na kutobolewa vitundu vyembamba. Shiti ya ABS, aina ya plastiki ngumu, inapashwa moto mpaka inabonyea katikati kama unga wa chapati uliokandwa ukalainika. Fundi anaishusha juu ya kalibu, anafungua pampu, hewa inafyonzwa, na sekunde chache tu mfuniko umeshika umbo.

Sampuli ya kwanza niliikataa. Shiti ilikuwa ya milimita 3, lakini nilipoweka tochi kwa ndani, mwanga ulipenya kwenye kona. Nikabonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea. Plastiki ikivutwa hadi kwenye kona kali inanyumbuka na kupoteza unene, na hili walipaswa kuniambia kabla ya kugusa mbao. Fundi hakubishana: kona akazizungusha, kuta akazilaza kidogo ili mfuniko uchomoke bila kukwama, tukapanda hadi milimita 4. Sampuli ya pili niliikanyaga kwa mguu, ikanibeba.

Mabaki ya kingo unalipia wewe, kwa hiyo omba wapange mifuniko miwili kwa shiti moja. ABS haipendi jua. Wateja wangu nawaambia mashine ikae ndani. Trei za mayai bado nanunua zilizodungwa, maana zina mbavu na matundu ambayo kuvuta hakuyawezi.

Nawapa nyota nne. Kalibu nimeilipia, ni yangu: jina langu liko chini yake na kwenye risiti pia, nayo imebaki kwao ikisubiri oda ijayo.