Uzoefu wangu: skripti za duka kwenye Ubuntu, bila Windows

Kompyuta yangu ni mpakato wa zamani wenye RAM ya GB 8, na ndani yake kuna Ubuntu peke yake, mfumo endeshi wa Linux. Wateja wangu ni wenye maduka, watu ambao hesabu zao zote ziko kwenye majedwali. Kila nikipata kazi mpya, swali la kwanza ni lilelile: utawezaje bila Windows?

Mwanzoni na mimi niliogopa. Nikawaza kuiweka Windows ndani ya Ubuntu kama kompyuta pepe, nikaacha. Windows 11 peke yake inadai RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64. Nikiikatia hiyo, Ubuntu yenyewe ingebaki inahema.

Nilichochagua ni Google Sheets, majedwali ya mtandaoni, pamoja na Apps Script, sehemu yake ya kuandikia skripti, yaani programu ndogo. Skripti inakaa kwenye jedwali na inaendeshwa huko huko kwenye seva, kwa hiyo mama mwenye duka anaweza kuwa na Windows, mimi Ubuntu, mwanawe simu tu, na kitufe kikafanya kazi ileile kwa wote. Lugha yake ni JavaScript, na tangu 2020 inatumia injini ya V8 (kiendesha JavaScript cha Google), kwa hiyo mtindo wa kisasa wa kuandika unakubalika.

Mistari ishirini unaweza kuiandika kwenye kivinjari. Kazi ikinenepa, chukua clasp, zana ya kuhariri skripti hizo kwenye kompyuta yako. Inahitaji Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Unaiweka kwa npm, kisakinishi cha Node.js, unaandika `clasp login`, kisha `clasp clone` na kitambulisho cha skripti (Script ID), na faili zote zinashuka kwenye folda yako. Usisahau kuwasha Apps Script API, mlango ambao clasp inapitia, kwenye mipangilio ya akaunti, la sivyo utabaki unasoma makosa mekundu. Kuanzia hapo ninahariri kwa programu niliyoizoea, natunza historia ya mabadiliko kwa git, na nikimaliza napandisha kwa `clasp push`. Vinavyopanda ni faili za maandishi, kwa hiyo kifurushi cha data hakistuki.

Ila push haina huruma. Inafuta kilichoko mtandaoni na kuweka cha kwako. Siku moja nilirekebisha jambo dogo kwenye kivinjari nikiwa dukani, nikarudi nyumbani nikapandisha toleo la zamani. Marekebisho yakaenda na maji. Sasa navuta kwanza kwa `clasp pull`, tena baada ya kuhifadhi kwenye git, maana nayo inafunika kilichoko kwako. Na faili la `.clasprc.json` lililoko kwenye folda yako ya nyumbani lina ufunguo wa akaunti, usilipeleke popote.

Kazi iliyonifundisha zaidi ni daftari la madeni la duka la vifaa vya ujenzi. Skripti inapitia mauzo ya mkopo, inajumlisha deni la kila fundi na kuwatenga waliopitisha siku 30. Toleo la kwanza lilisoma seli mojamoja kwa `getValue`. Mistari ilipofika elfu kadhaa likawa linakatika katikati, kwa sababu kila mwendo una kikomo cha dakika 6. Nikabadilisha, nikasoma jedwali lote kwa mkupuo mmoja wa `getValues` na kuandika majibu kwa mkupuo mmoja. Ikawa sekunde chache.

Halafu mama mwenye duka akanipigia saa 12 asubuhi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Mwanangu, mbona karatasi yako inasema leo ni jana?"

Kosa lilikuwa langu. Kwenye `appsscript.json`, faili la mipangilio ya mradi, ukanda wa saa ulikuwa umeandikwa America/New_York na sikulisoma faili hilo hata mara moja. Saa 12 ya alfajiri yetu, kule bado ni jana usiku. Nikaweka Africa/Dar_es_Salaam, yakaisha.

Palipobaki pagumu ni makro za zamani za VBA, yaani skripti za ndani ya Excel. LibreOffice, programu ya ofisi ninayoweza kuitumia Ubuntu, inaelewa sehemu yake ukiweka `Option VBASupport 1`, lakini faili lenye fomu na vitufe vya ActiveX, teknolojia ya Windows, sikushauri. Wenye Mac nao wasijione wamepona: Excel yao ina VBA, ila ActiveX haimo. Ukitaka kubadilisha takwimu tu ndani ya faili lenye makro, openpyxl, maktaba ya lugha ya Python, inatosha, mradi ukumbuke `keep_vba=True`; ukisahau, makro zinapotea faili linapohifadhiwa.

Kwa kazi inayoanza upya ningeipa njia hii 4 kati ya 5. Kwa kazi ya kurithi makro za mtu, 2.

Mhasibu mmoja bado ananitumia `.xlsm` yake, faili la Excel lenye makro, kila mwisho wa mwezi. Kwa faili hilo moja naazima kompyuta ya shemeji, na kila nikimrudishia anauliza kama Ubuntu imeshanishinda.