Fundi wa lethi (mashine ya kuchongea vyuma) wa Mwanjelwa, Mbeya, aliyenichongea pistoni ya injini ndogo ya mvuke, nampa nne kati ya tano

Wakuu salama? Hii nimeichelewesha makusudi, nilitaka kwanza injini izunguke muda wa kueleweka ndo niongee, maana unaweza kumsifia fundi leo kesho kitu kikafa. Sasa imeshapiga kama masaa kumi na mbili ya mvuke kwa jumla na bado inabana vizuri, kwahiyo naandika.

Mi ni mwalimu wa fizikia, naishi Uyole, na nimetengeneza injini ya mvuke ya kufundishia, silinda ni shaba ya njano kipenyo milimita 16. Boila ilishaisha, nimeijaribu kwa maji ya baridi mara mbili ya presha ya kazi na valvu ya usalama inafunguka inapotakiwa. Kilichonitesa miezi yote ni pistoni.

Ya kwanza nilichongewa karakana nyingine hapahapa mjini, sitaitaja. Nilipeleka kipande cha teflon, ile nyeupe inayoteleza, nikasema nataka isipwaye hata kidogo. Jamaa akaichonga safi kabisa, ukiziba tundu kwa gumba ukaivuta inarudi yenyewe ndani. Kwa hewa ya pampu ilikimbia mpaka wanafunzi wakapiga makofi. Nikaja kuwasha boila, mizunguko kama ishirini hivi ikaanza kuwa mizito, ikasimama, gurudumu halisogei hata kwa mkono, nikaacha ipoe kama nusu saa ikaachia yenyewe. Nikarudi kwake akasema silinda yangu ndo mbovu.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu wa Mwanjelwa, mzee mmoja ana lethi ya zamani anafanya sana shafti za mashine za kusaga. Kitu kilichonifanya nimpende ni kwamba kabla hajashika chochote aliuliza, mwalimu hii ni ya hewa au ya mvuke? Nikamwambia mvuke, bar 2. Akaitazama ile teflon akasema hii ikipata moto inavimba, shaba yako haivimbi hivyo. Nilivyofika nyumbani nikakaa na kalamu. Mvuke wa bar 2 kwenye geji unafika karibu nyuzi 130, ukitoka nyuzi 20 za asubuhi ya Mbeya ni ongezeko la 110, teflon ya milimita 16 inatanuka kama milimita 0.22 wakati silinda ya shaba inatanuka 0.03 tu. Hiyo 0.19 inayobaki inaenda wapi? Ndo ilikuwa imeng'ang'ania ukutani. Na ukiipunguza kipenyo ili iwe sawa ikiwa ya moto, basi ikiwa ya baridi mvuke wote unapita pembeni na injini haianzi. Nilijisikia vibaya kwamba hili nalifundisha darasani na sikuliona kwenye meza yangu.

Mi nilikuwa nimebeba pia pistoni chakavu ya bodaboda nikidhani tutachonga humo. Kwa kutanuka ingekubali kabisa, ile alminiamu iliyochanganywa na elementi ya silikoni haiko mbali na shaba, ila mzee alikataa kwa sababu mvuke wetu una maji mengi, na alminiamu ikikaa na shaba kwenye unyevu inaliwa, ukiacha injini wiki mbili unakuta unga mweupe na mikwaruzo. Wale wenzangu wa injini ndogo za ndege za mfano hilo haliwahusu, kule pistoni ya alminiamu ndani ya slivu ya shaba yenye kromu ni kitu cha kawaida, na wanafanya hivyo kwa sababu hiyohiyo ya kutanuka pamoja, lakini kule ni mafuta, sio maji. Chuma cha kasti (cha kumimina) nacho ni kizuri sana kwenye silinda ya kasti, kina grafiti ndani yake kinajilainisha, ila kwenye shaba kinatanuka kidogo kuliko silinda na ukisahau kupaka oili baada ya kazi unakikuta na kutu.

Tukaamua bronzi (shaba iliyochanganywa na bati), aliitoa kwenye bushi kuukuu, na oringi moja, yaani pete ya mpira ya kuziba. Hapa ndo pana utamu.

Oringi nilishanunua duka moja la spea, nyeusi, muuzaji akaniapia ni viton, ule mpira unaovumilia moto. Mzee ana mizani ndogo ya kupimia dhahabu, anasema alinunua kwa mtu wa Chunya, akachukua zangu kumi akapima, gramu 1.4. Akachukua zake kumi za kahawia saizi ileile, gramu 2. Akasema viton ni nzito mwalimu, hizi zako ni nitrili, mpira wa kawaida. Rangi haitoshi kukuambia, viton nyeusi zipo pia, ila uzito haudanganyi kirahisi. Nitrili inaanza kuchoka kwenye nyuzi 100 mpaka 120, kwenye 130 inakakamaa kama kucha, viton inavumilia mpaka 200. Na kuna rafiki yangu alinishauri nikate sili ya presha kuka, tafadhali msifanye hivyo, ile mara nyingi ni mpira wa silikoni, moto inavumilia ila ikisuguliwa inachanika haraka.

Halafu mfereji wa kukalia oringi kwenye pistoni. Oringi yangu ni nene milimita 1.78, tundu lake 12.42. Mzee alichonga mfereji ukabaki kipenyo 12.7, upana 2.4. Maana yake kutoka hapo mpaka ukuta wa silinda ni 1.65, oringi inabanwa 0.13 tu, kama asilimia 7. Mtu mwingine angebana sana akidhani ndo haitavuja, kumbe kwenye injini ndogo namna hii nguvu yote inaishia kwenye msuguano. Akachukua pia kipande cha msasa laini akavunja ncha kali kwenye mdomo wa silinda, akasema oringi ikipita hapo ikiwa kavu inakatika hujui imekatikia wapi. Akaipaka oili, akaisukuma taratibu kwa gumba huku anaizungusha, ikaingia kwa sauti ndogo kama ya kufungua kopo.

Kwenye shina la pistoni tuliweka kamba ya grafiti ya kuzuia mvuke usivuje. Angalieni kamba za zamani kwenye stoo za viwanda, nyingine ni asbesto, usiisokote na mikono yako. Ukikosa grafiti, uzi wa pamba uliolowekwa oili nzito unafanya kazi, ila utabadilisha mara kwa mara. Na oili ya gia niliyokuwa naweka alinikataza, baadhi zina dawa ya salfa inayokula shaba kwenye joto.

Gharama, kuchonga pistoni na shina 18,000, oringi za viton 1,500 kila moja, nikachukua nne. Nyeusi za dukani zilikuwa 300, nimezigawa kwa mtu wa pampu za maji ya baridi ambako zinafaa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya muda. Aliniambia siku tatu zikawa tisa, na mara mbili nimepanda daladala kutoka Uyole nakuta umeme hamna na yeye hayupo, angenituma ujumbe tu ningeshukuru. Risiti pia hatoi mpaka uombe.

Ukienda, beba silinda yenyewe, sio kipimo cha kwenye karatasi, ataipima mwenyewe juu, kati na chini. Jumatatu asubuhi kuna foleni ya watu wa mashine za kusaga, nenda mchana.