Skima za Protini za Kuning'inia: Ipi Inafaa Tangi Lako la Maji ya Chumvi

Skima ya protini huchanganya maji ya tangi na viputo vidogo vya hewa. Ute, kinyesi na mabaki ya chakula yaliyoyeyuka hunata kwenye viputo hivyo, na povu hupanda shingoni hadi kumwagikia kikombeni kabla uchafu haujaoza na kuwa amonia, kisha naitreti. Skima ya kuning'inia hufungwa kwenye ukingo wa kioo, na humfaa mtu ambaye hana tangi la pili ndani ya kabati.

Wanunuzi wengi huanza na idadi ya lita iliyoandikwa kwenye boksi. Idadi hiyo kwa kawaida huhesabiwa kwa tangi lenye samaki wachache, kwa hiyo mwenye samaki wengi na walafi aigawe kwa mbili. Lakini hata nguvu yenyewe ya kusafisha haitofautiani sana kama matangazo yanavyodai. Vipimo vya Ken Feldman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, vilivyochapishwa mwaka 2009 na 2010, vilionyesha kwamba skima walizozipima, ambazo hazikuwa za kuning'inia, ziliondoa takriban asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni ya viumbe (kipimo cha uchafu utokanao na viumbe) iliyomo majini, na hakuna iliyoziacha nyingine mbali. Ndiyo maana katika kuzipanga nimetanguliza mambo mengine: maji yataishia wapi povu likizidi, nyuma ya tangi pana nafasi kiasi gani, na shingo inasafishika kwa urahisi gani.

Nafasi ya kwanza naipa aina yenye pampu ya gurudumu la sindano, kama Reef Octopus Classic 100-HOB au AquaMaxx HOB-1. Sindano za gurudumu hukatakata hewa kuwa viputo laini mno, hata maji ndani ya mwili wa skima yakaonekana meupe kama maziwa, nao umeme unaotumika si mwingi. Kabla ya kulipa, pima nafasi kati ya tangi na ukuta, pima unene wa ukingo, na uangalie kama kikombe kitatoka bila kugonga taa au mfuniko. Kikombe kisichotoka kwa urahisi hakitasafishwa, na shingo iliyojaa utelezi hudhoofisha povu. Ifute angalau mara moja kwa wiki.

Ya pili ni Tunze 9004, ingawa kwa kweli haining'inii nje: hushikiliwa na sumaku ndani ya tangi. Naiweka hapa kwa makusudi. Kikombe kikifurika, maji hurudi tangini badala ya kumwagika sakafuni, na kwa anayeishi ghorofani juu ya jirani hilo lina uzito kuliko lita zote za kwenye boksi. Pia huvuta maji ya juu, penye utando wa mafuta. Kasoro yake ni kwamba inakula nafasi ya samaki na inaonekana, kwa hiyo inafaa zaidi matangi madogo.

AquaC Remora ni ya tatu. Pampu yake hukaa ndani ya tangi na kurusha maji kwa nguvu kupitia tundu dogo, na mrusho huo ndio unaoingiza hewa. Ni imara na haihitaji kurekebishwa kila siku, ila pampu huongeza joto majini, na tundu likizibwa na konokono au kipande cha mwani povu hukatika ghafla.

Za venturi za bei nafuu, yaani zinazofyonza hewa kupitia mrija mwembamba maji yanapopita kwa kasi, mfano SeaClone 100, zinafanya kazi kwa mtu mwenye subira ya kuzungusha vali kila mara. Zinazotegemea jiwe la mbao (kipande cha mbao chenye vitundu vinavyotoa viputo) na pampu ya hewa ningezipita, kwa sababu jiwe huziba na kuhitaji kubadilishwa mara kwa mara.

Yoyote utakayochagua, usiihukumu katika siku za mwanzo. Skima mpya huweza kuchukua wiki moja au mbili kabla povu halijatulia, na katika kipindi hicho kikombe kinaweza kujaa maji safi kwa usiku mmoja. Gundi ya kubandikia matumbawe na baadhi ya dawa za kutibu maji huleta fujo hiyohiyo. Kina cha maji tangini nacho kikishuka kwa mvuke, skima ya nje hubadilika tabia, kwa hiyo kifaa kinachojaza chenyewe maji yasiyo na chumvi ni ununuzi wa pamoja, si wa baadaye.

Ukinunua iliyotumika, omba iwashwe mbele yako ikiwa imejaa maji, upapase viungo vyote kwa kitambaa kikavu, na ufungue pampu uone kama gurudumu lina sindano zote. Chumvi na chokaa zilizoganda si tatizo, kwani siki huziyeyusha. Ufa kwenye akriliki, plastiki angavu ya mwili wa skima, ni sababu ya kuiacha.