Miezi mitatu na programu ya lishe: soda, mtori na chai ya jioni

Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili. Kliniki tunayokwenda hapa Moshi ilituwekea programu kwenye simu: unapiga picha ya sahani, unaingiza kipimo cha sukari, na afisa lishe anaviona kwenye kompyuta yake. Alhamisi anapiga simu. Ni bure, ukiacha bando.

Wiki ya pili nusura nimnyweshe Mama soda. Alipima asubuhi akapata 9.2, nikaingiza, simu ikawaka nyekundu: sukari imeshuka mno, apewe kitu kitamu haraka. Mtoto alishatoka mbio kwenda dukani. Aliyegoma ni Mama mwenyewe: "Mimi sitetemeki, sina hata jasho, soda ya nini?" Kumbe mashine yetu inasoma kwa milimoli, programu imewekwa miligramu. Ukizidisha kwa 18, ile 9.2 ni kama 166, yaani sukari imepanda! Hakuna aliyetuambia tubadilishe. Ukipewa programu ya namna hii, anzia kwenye vipimo kabla hujaandika chochote.

Kwenye chakula, inaijua piza kuliko mtori. Ukiandika ndizi inakuletea mbivu ya kumenya, wakati sisi tunapika mshare mbichi. Picha nazo hazisaidii, maana nyama na ndizi vimeshapondwa pamoja, inaona uji tu. Nilipomlalamikia dada wa lishe, akaniambia nipime upawa wetu kwa maji. Ulichukua mililita 150. Akauliza tunatia ndizi ngapi na nyama kiasi gani, akapiga hesabu kwa majedwali ya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, akatuundia mtori wetu humo ndani. Sasa naandika "mtori, pawa mbili", basi.

Grafu ndiyo iliyomuumbua Mama. Miaka yote tulikuwa tunausingizia mtori, kumbe sukari inapanda jioni, kwa chai ya maziwa na chapati mbili anazokula halafu anasema leo hajala kitu. Chapati imebaki moja, chai haina sukari (kwa ugomvi). Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimetoka asilimia 9.1 hadi 8.2, dawa zilezile.

Naipa nyota nne. Ya tano imekwenda na ile soda.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, bado hatuiandiki. Jumapili Mama hupata kata moja kwa jirani, na nikitoa simu nipige picha ananiambia, "Rudisha mfukoni, mwanangu. Hiki si chakula."